Asta uani: karamu ya mwisho kabla ya theluji

Mwaka 2017, mume na mke wa mji wa Columbia, jimbo la Maryland nchini Marekani, walipokea barua ya wakili. Haikuhusu deni wala mpaka wa kiwanja. Chama cha wenye nyumba wa mtaa wao kiliwataka waondoe mimea ya asili waliyoipanda kuzunguka nyumba yao na kurudisha nyasi fupi kama za majirani. Jirani alikuwa amelalamika kwamba bustani hiyo imekuwa vichaka na inavuta wanyama na wadudu.

Wenye nyumba hawakung'oa kitu. Walitafuta wakili wao, shauri likafika mahakamani, na Desemba 2020 pande mbili zikapatana. Sehemu kubwa ya bustani ikabaki, isipokuwa ukanda mwembamba upande wa jirani, uliorudishiwa nyasi. Mwaka uliofuata wabunge wa Maryland wakapitisha sheria inayozuia vyama vya wenye nyumba kupiga marufuku bustani za wachavushaji, yaani nyuki, vipepeo na wenzao wanaobeba chavua kutoka ua hadi ua. Ilianza kutumika Oktoba 2021.

Mwezi wa Oktoba ndio hasa wa kulipima jambo hili. Maua ya kiangazi yamekwisha, majani yamekauka, mashina yamelala huku na huku, na bustani ya asili inafanana na shamba lililotelekezwa. Hapo ndipo asta, mmojawapo wa mimea hiyo ya asili, huwa imechanua. Huwa kwenye kilele cha uzuri wake na cha manufaa yake wakati uleule ambao jirani anatamani kuona mashine ya kukata nyasi ikipita.

Ua moja, maua mengi

Asta za Amerika Kaskazini ni za ukoo mmoja na alizeti na mchunga, ile mboga chungu ya pwani yetu. Inayofahamika zaidi ni asta ya New England, mmea wa mita moja hadi mbili, wenye maua ya zambarau na kitovu cha njano. Huota porini kwenye mbuga zenye unyevu na kando ya barabara, kuanzia mashariki mwa Kanada hadi katikati ya Marekani. Iko asta ya buluu ya msituni inayostahimili kivuli, asta nyeupe ya maua madogo isiyojali udongo mkavu, na asta yenye majani ya kunukia ambayo katika maeneo yenye joto kiasi huendelea kuchanua mpaka Novemba.

Chuma ua moja ulitazame kwa karibu. Unachokishika ni mkusanyiko. Katikati zimebanana chembe nyingi za njano, na kila moja ni ua kamili lenye chavua yake na nekta yake, yale maji matamu ambayo nyuki hugeuza kuwa asali. Pembeni kuna vijiua vingine vilivyorefuka na kuwa kama petali, zaidi ya 40 kwenye asta ya New England, na kazi yake kubwa ni kuwaita wageni kutoka mbali.

Vijiua vya katikati havifunguki kwa pamoja. Vya ukingoni hutangulia, kesho yake hufuata vya ndani kidogo, na kuendelea hivyo mpaka kitovuni. Vikizeeka, njano hugeuka kuwa damu ya mzee. Ndiyo maana shina moja huwa na maua yenye kitovu cha njano na mengine yenye kitovu chekundu kilichofifia. Chavua na nekta ziko kwenye ya njano, na nyuki wanalijua hilo, kwa hiyo hawapotezi muda.

Asta huchelewa kwa sababu inapima urefu wa usiku. Juni na Julai, usiku ukiwa mfupi, hurefusha mashina tu. Usiku unaporefuka vya kutosha Agosti, hufunga vikonyo, na Septemba huchanua. Kwa mmea ni mkakati mzuri, kwa sababu washindani wameshamaliza zamu yao na wadudu wenye njaa bado ni wengi.

Wanaokula mwisho

Mgeni wa kutazamwa zaidi ni nyuki-manyoya, mnene, mwenye mistari ya njano na nyeusi. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kumkumbuka kutoka nyumbani, maana jamii yake haipo Afrika kusini mwa Sahara. Wanaomkaribia kwa ukubwa kwetu ni wale nyuki weusi wanaotoboa mbao za paa.

Nyuki wa asali hupita msimu wa baridi wakiwa kundi zima, wamekumbatiana ndani ya mzinga na kula akiba yao. Nyuki-manyoya hawana akiba ya namna hiyo. Baridi ya kugandisha ikishuka, vibarua wote hufa, madume hufa, na malkia mzee hufa. Hubaki malkia vijana waliozaliwa mwishoni mwa kiangazi na kupandwa tayari. Kila mmoja hujichimbia kishimo kifupi ardhini, mara nyingi chini ya majani yaliyopukutika, na kulala peke yake miezi mingi mpaka theluji iyeyuke. Ukoo wote wa mwaka unaofuata umo ndani ya tumbo lake.

> Malkia kijana hulala miezi mingi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Asipokula vya kutosha kabla ya baridi, hakuna kundi la mwaka unaofuata.

Mafuta hayo hutoka kwenye maua ya Septemba na Oktoba, na katika maeneo ya mashariki na kaskazini ya Marekani maua hayo ni mawili zaidi ya mengine: asta, na solidago, ule mmea wa vishada vya njano unaoandamana nayo kila mahali. Asubuhi ya baridi utamkuta malkia ameng'ang'ania ua la asta bila kusogea, amelowa umande. Hajafa. Anatetemesha misuli ya mabawa bila kupiga mabawa yenyewe, mpaka mwili upate joto la kutosha kuruka.

Mmoja wa nyuki hao, mwenye kiraka cha rangi ya kutu mgongoni, alikuwa akionekana kila mahali mashariki na katikati ya Marekani. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 alianza kutoweka, na mwaka 2017 akawa nyuki wa kwanza katika bara la Marekani kuandikwa na serikali kuu miongoni mwa viumbe walio hatarini kuangamia. Eneo la Minneapolis na St. Paul, jimboni Minnesota, ni miongoni mwa machache anakoonekana bado, na huko makao yake mengi ni bustani za watu. Jimbo hilo limemfanya nyuki wake rasmi tangu 2019.

Mgeni wa pili ni kipepeo monaki, wa rangi ya chungwa na mishipa myeusi. Ndugu yake wa karibu unamjua, yule wa chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa anayeruka polepole mashambani kuanzia Lamu hadi Mbeya. Monaki wa Marekani ana safari ambayo huyo wa kwetu haifanyi. Kizazi cha kiangazi huishi wiki chache tu, lakini kinachotoka mwishoni mwa Agosti huahirisha kuzaa, huishi miezi saba hadi tisa, na husafiri hadi kilomita 4,000, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam mpaka Cairo, kwenda kulala kwenye misitu ya milimani katikati ya Mexico. Wenyeji wa milima hiyo walikuwa wakiwaona miaka yote. Wanasayansi walipafahamu Januari 1975.

Idadi yao hupimwa kwa eneo la msitu walilolifunika. Msimu wa 1996 na 1997 lilikuwa zaidi ya hekta 18. Msimu wa 2023 na 2024 lilikuwa hekta 0.9. Mwaka uliofuata likapanda kidogo hadi hekta 1.79.

Sababu ya kupungua huko bado inabishaniwa. Kundi moja la watafiti linataja kupotea kwa mimea ya utomvu mweupe, ambayo ndiyo chakula pekee cha viwavi wa monaki, tangu wakulima wa mahindi na soya walipoanza katika miaka ya 1990 kutumia mbegu zinazostahimili dawa ya magugu. Kundi jingine linasema vipepeo wa kutosha huanza safari na wengi hufia njiani, kwa ukame, kwa hali ya hewa iliyobadilika na kwa kukosa nekta. Asta inahusika na hoja ya pili. Ninavyoziona, hoja hizi mbili hazigombani kwenye kiwanja cha mtu: mmea wa utomvu mweupe huliwa Juni na Julai, asta hunyonywa Septemba, na vyote viwili hutosha kwenye mita chache za mraba.

Wapo pia wageni wasiojulikana na wengi, nyuki wadogo wanaoishi peke yao na kuchimba mashimo ardhini, ambao wamepanga maisha yao yote kuendana na asta. Hutoka ardhini Septemba, hukusanya chavua ya asta na jamaa zake, huwawekea watoto wao, na kufa. Chavua ya ukoo huu ni ngumu kwa nyuki wengi kuitumia kama chakula cha watoto, lakini hawa wameizoea. Asta ikitoweka mtaani, na wao wanatoweka, hata kama bustani imejaa waridi.

Heshima ya nyasi fupi

Kwa nini basi kuwe na ugomvi? Mwaka 2005 watafiti waliotumia picha za setilaiti walikadiria kwamba nyasi za mapambo nchini Marekani, kwa maana ya viwanja vya nyumba, bustani za umma na viwanja vya gofu, zimefunika zaidi ya kilomita za mraba 160,000. Ni zaidi ya robo ya nchi nzima ya Kenya. Nyasi hizo zinamwagiliwa, zinawekwa mbolea, zinapigwa dawa na kukatwa kila wiki, na nyuki hapati chochote humo.

Nyasi fupi ni adabu ya mtaa. Miji mingi ina sheria ndogo zinazotaja urefu wa juu kabisa wa majani, mara nyingi kati ya sentimita 20 na 30, na anayezidisha hupewa notisi, halafu faini, halafu hukatiwa kwa nguvu na kutumiwa bili. Sheria hizo zilitungwa kwa ajili ya viwanja vilivyotelekezwa. Asta ya mita moja na nusu haina nafasi mbele ya rula ya namna hiyo.

Wanaozitetea wana hoja, na si haki kuzidharau. Nyumba ndiyo mali kubwa pekee ya familia nyingi, na mnunuzi akiona vichaka mbele ya nyumba jirani hushusha bei. Wapo wanaohofia panya na kupe. Wapo wanaopiga chafya kila Septemba na kulaumu maua ya njano na zambarau yaliyo mbele yao. Hapo asta na solidago zinaonewa. Chavua yao ni nzito, inanata, na hubebwa na wadudu. Inayowapigisha watu chafya ni ya gugu jingine la msimu huohuo, lenye maua ya kijani yasiyoonekana, ambalo chavua yake hupeperushwa na upepo.

Mhamiaji kutoka kwetu naye ana lake. Wakenya wengi wamenunua nyumba Brooklyn Park na vitongoji vingine vya Minneapolis, na mtu aliyelelewa akifagia uwanja kila asubuhi hawezi kuyaona majani marefu mlangoni kama pambo. Kwetu uwanja mweupe ni heshima ya mji, na majani marefu ni maficho ya nyoka. Ukimwambia mzazi aliyekuja kutembea kwamba vichaka vile vimepandwa kwa makusudi, tena kwa pesa, atakuuliza kama kuna amani ndani ya nyumba. Mazoea hayo yana sababu yake kule yalikozaliwa. Minnesota haina swila wala fira wa kuogopwa uani.

> Sheria zilizotungwa kwa ajili ya viwanja vilivyotelekezwa zimekuwa zikiwaadhibu wanaotunza bustani kuliko wote.

Minnesota, kwa maoni yangu, imepatia. Mwaka 2019 jimbo lilianzisha mpango wa kuwarudishia wenye nyumba sehemu ya gharama wanazotumia kugeuza nyasi kuwa makao ya nyuki, mwanzoni hadi dola 350 kwa nyumba. Kisha, tangu Julai 2023, sheria ya jimbo inaitaka miji iruhusu bustani ya asili iliyopangwa na inayotunzwa, na imeandika wazi kwamba mimea yake inaweza kuzidi inchi nane, yaani sentimita 20, na kuachwa itoe mbegu. Magugu yaliyopigwa marufuku hayaruhusiwi, na nyasi zilizoachwa ziote tu hazihesabiwi kuwa bustani. Mwenye nyumba analindwa, na jirani naye hakuachwa mikono mitupu.

Lakini sheria haileti ujirani mwema. Wanaofanikiwa huacha ukanda wa nyasi zilizokatwa kando ya njia ya miguu, huweka ukingo wa mawe, hupanda mimea mifupi mbele na mirefu nyuma, na husimika kibao kidogo cha kueleza bustani ni ya nini. Ukingo ulionyooka humwambia mpita njia kwamba yuko mtu anayeangalia.

Ya porini au ya kitalu?

Ugomvi wa pili uko miongoni mwa wapenda asta wenyewe. Vitalu huuza aina zilizochaguliwa au kuzalishwa kwa ajili ya ufupi wake, rangi kali au maua yaliyorundikana petali. Nyingi hubeba jina la mmea wa asili. Je, nyuki anaona tofauti?

Annie White, alipokuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont, alipanda mimea ya asili bega kwa bega na aina zake za kitalu akahesabu wageni. Majibu hayakuwa ya namna moja. Baadhi ya aina za kitalu zilitembelewa sawa na za porini, na moja, isiyo asta, ilizidi. Kwa nyingine nyingi ya asili ilishinda, ikiwemo asta ya New England dhidi ya aina yake ya waridi kali iitwayo 'Alma Pötschke', inayopendwa sana na wauzaji.

Panapofaa kukataa bila kusita ni kwenye maua yaliyorundikana petali. Petali hizo za ziada zimechukua nafasi ya vijiua vya katikati, vilevile vyenye chavua na nekta. Nyuki anaitwa kwenye meza isiyo na sahani. Kwa aina nyingine, asiye na muda wa kutafuta mbegu za porini na anunue ya kitalu iliyo karibu na umbo la asili, mradi aulize kama mche ulipigwa dawa ya wadudu inayopenya ndani ya mmea. Dawa hizo hufika mpaka kwenye nekta.

Wafugaji wa nyuki wa asali wanaipenda asta kwa sababu zao. Pamoja na solidago, ndiyo inayojaza mzinga kabla ya baridi. Wahifadhi wengine hunung'unika kwamba nyuki wa asali, aliyeletwa na Wazungu katika karne ya 17, hunyang'anya nyuki wa asili chakula cha mwisho. Mizinga ikirundikwa mahali pamoja penye maua machache, wana haki ya kunung'unika. Dawa ya kwanza ni kuongeza maua.

Ufagio wa Oktoba

Kosa kubwa hufanywa baada ya maua kwisha. Mwenye bustani hukata mashina chini kabisa, hukusanya majani kwenye mifuko na kuyatupa. Ndani ya matandazo hayo malkia amelala. Ndani ya mashina makavu ya mimea mbalimbali wamo nyuki wadogo. Viwavi wa kipepeo mdogo wa chungwa, wanaokula majani ya asta, hupita msimu wa baridi karibu na shina la mmea uliowalisha. Ndege nao hula mbegu.

Acha mashina yasimame mpaka hali ya hewa itengemae. Hapo yakate ukiacha visiki vya kati ya sentimita 20 na 60, kwa kuwa nyuki wa kiangazi kinachofuata watatoboa ndani yake kutaga. Majani mapya yatavificha visiki hivyo kabla ya Juni.

Asili ya wapi?

Asta hizihizi zikivuka bahari hugeuka kero. Barani Ulaya baadhi zimetoroka bustanini na kuvamia kingo za mito, na solidago ya Kanada imefunika mashamba yaliyoachwa huko na nchini China. Sisi tunalo funzo letu kutoka ukoo huohuo: gugu karoti, lililotoka Amerika, linaharibu malisho Arusha na Kenya na kuwawasha watu ngozi.

Kwa hiyo msomaji wa Limuru au Moshi asiagize mbegu za asta kutoka Minnesota. Anao mtukutu, wa ukoo huohuo, mchungu kwa ulimi, wenye vishada vya maua meupe vinavyojaa nyuki, na ni wa hapahapa. Kwetu njaa ya nyuki haiji na theluji, inakuja na kiangazi, na swali la kujiuliza ni nini kinachanua uani wakati mvua zimekatika.

Kuanza

Aliye Amerika Kaskazini hahitaji shamba. Asta tatu za aina moja zikipandwa pamoja, kwa nafasi ya sentimita 60, huonekana na nyuki kuliko tatu zilizotawanywa. Chagua kwa udongo: ya New England palipo jua na unyevu, ya majani ya kunukia palipo jua na ukavu, ya buluu ya msituni chini ya miti. Weka solidago karibu.

Mashina yakirefuka mno na kuanguka, yapunguze theluthi moja au nusu mwezi Juni. Mmea utatoa matawi mengi, utabaki mfupi na utachanua vilevile. Usikate baada ya mwanzo wa Julai, utakata vikonyo. Majani ya chini hukauka na kupata ukungu mweupe kila mwaka. Mmea haufi kwa hilo, panda kitu kifupi mbele yake. Miche michanga izungushiwe wavu, sungura wanaipenda.

Anayetaka kutumia mbegu asisubiri joto. Mbegu za asta hutaka kupita kwenye baridi na unyevu kabla ya kuota. Zimwage Novemba juu ya udongo uliosafishwa nyasi, zikandamize kwa mguu bila kuzifukia, na ziache theluji izifunike. Zitaota joto likianza kurudi, na nyingi zitatoa maua yake ya kwanza ya kutosha mwaka wa pili.